Watatu Kati ya Elfu Kumi

Elfu kumi kwa sifuri. Nakiete Mrutu alivua miwani, akaifuta kwa pindo la koti lake jeupe, akaivaa tena, na namba ikabaki ileile. Miaka minne alikuwa amekaa mbele ya Kitangulizi, amesoma watu mia sita na kumi na mmoja, na hajawahi kumwona mtu akirudia jibu mara elfu kumi bila kuteleza hata mara moja. Hata yule mama wa Hedaru aliyekuja kumtolea figo mwanawe wa pekee, tena na nguo za kulazwa tayari kikapuni, alikuwa na hapana kumi na saba ndani yake. Binadamu ana vichochoro. Huyu Ndekirwa Kimaro hakuwa na hata kimoja, na jibu lake lilikuwa hapana.

Ilikuwa Jumatano saa tatu asubuhi, na upepo wa Same ulikuwa ukitikisa mabati ya hospitali kama kawaida yake. Kufikia saa nane mchana matokeo yalitakiwa yawe mezani kwa Daktari Shekalaghe, mkuu wa upasuaji. Yakiwa ndiyo, Anaeli, mdogo wake Ndekirwa, aliyelala wodi namba nne na figo mbili zilizokwisha kazi, angeanza leoleo kupewa dawa za kushusha kinga ya mwili ili apokee figo ya kaka yake. Yakiwa hapana, asingepewa. Mishipa yake ya kusafishia damu ilikuwa imechoka yote. Shekalaghe alimpa wiki mbili, na hakusema kwa sauti.

Zamani mambo hayakuwa hivi. Mtu alisaini kwamba atatoa figo, mgonjwa akaandaliwa siku mbili, halafu mtoaji akafika mlangoni pa chumba cha upasuaji, akageuza njia. Simlaumu, kisu ni kisu. Lakini mgonjwa alibaki kitandani hana figo wala kinga, na kikohozi cha jirani kikatosha kumwondoa. Ndipo kikaletwa Kitangulizi. Mtoaji anavaa kofia ya nyaya siku tisa, na kila siku anaongea na msomaji saa mbili, habari za shamba, za watoto, za lolote. Mashine inamtengenezea nakala, ambayo haina sura wala sauti, ila ina namna ileile ya mtoaji ya kukata shauri. Siku ya kumi nakala inaulizwa swali moja mara elfu kumi, kila mara ikiamshwa upya kana kwamba haijawahi kuulizwa. Kisha inafutwa.

Mtu mwenyewe haulizwi mpaka nakala yake iseme ndiyo. Ikisema hapana, anaambiwa kwa upole kwamba vipimo havikuoana, anapewa soda, na anarudi kwake na huzuni na nafuu, asijue kipi kimezidi. Nakiete alikuwa ameusema uongo huo mara themanini na tatu. Aliuona kuwa uongo wa heri.

Kilichomtia wasiwasi leo ni ile sifuri. Alikaa akiitazama, akikuna shingo, mpaka akaanza kuhisi kwamba kosa ni lake.

Sheria ya kwanza ya msomaji ni kutokuwa na lolote na anayemsoma, na sauti yake isiwe na chumvi. Sasa Nakiete ni Mpare wa Mbaga, na Ndekirwa ni Mchaga wa Marangu, yaani ni watani tangu kabla ya hospitali kujengwa. Siku ya kwanza mzee aliingia, akasoma jina kwenye mfuko wa koti, akasimama palepale mlangoni.

"Mrutu," alisema. "Wamenileta kwa Mpare. Nikiisahau figo hapa mezani nitaikuta mahakamani."

Nakiete alitakiwa anyamaze. Lakini nionyeshe Mpare anayetukanwa na mtani wake akanyamaza.

"Kaa chini, Mchaga," alimjibu. "Desemba bado, usiwe na haraka ya kwenda kwenu."

Basi yakaenda hivyo siku tisa. Na ninyi mnajua utani unavyokwenda. Mtani akikuomba kitu, jibu la kwanza ni kumnyima, la pili ni kumtukana, na wakati huo mkono umeshampa. "Nipe maji, Mpare." "Sikupi, mkanywe huko mlimani kwenu," na kikombe kiko njiani. Nakiete alikuwa amecheka ndani ya chumba kile kuliko alivyocheka mwaka mzima. Halafu siku ya kumi swali likaulizwa kwa sauti iliyorekodiwa, na sauti ilikuwa yake. Nakala ilimsikia mtani akiomba figo. Ingejibu nini kingine?

Aliinuka, akafunga mlango kwa ufunguo.

*

Nakala huulizwa mara moja tu. Hiyo ndiyo sheria ya pili, na Nakiete aliivunja akijua anachofanya. Alitafuta sauti ya Shekalaghe iliyorekodiwa wakati wa mafunzo, sauti kavu ya mtu anayesoma tangazo, akaipachika, akauliza upya. Alisubiri dakika nane akitafuna kucha. Hapana elfu tisa mia tisa na tisini na saba. Ndiyo tatu.

Alishusha pumzi, na hakujua ni ya nafuu au ya kukata tamaa. Utani wake ulikuwa umewafunika watu watatu, si zaidi. Kosa lilikuwa kweli, ila halikumsaidia Anaeli hata kidogo.

Hapo angefuta nakala, akapeleka karatasi. Lakini udadisi ulishamwingia, na ukishamwingia mtu wa namna yake hautoki kwa kuombwa. Alitaka kujua tu. Kama sauti ya Shekalaghe imeibua watatu, sauti nyingine itaibua wangapi? Akaiambia nakala kwamba mdogo wake analia. Wawili. Akamwambia kwamba wanawe Anaeli wamekuja kumwamkia. Kumi na mmoja. Akamtajia mchungaji, akapata sifuri, na hilo lilimchekesha kidogo.

Kisha akajaribu habari ya mama. Kisa chenyewe alikuwa amekisikia vipandevipande ndani ya zile siku tisa, katikati ya matusi ya utani. Mama yao alifariki Dodoma, nyumbani kwa Anaeli, na Anaeli akamzika hukohuko kesho yake, Ndekirwa akiwa bado njiani. Kaka mkubwa alifika akakuta udongo mbichi na watu wanakunja viti. Mama yule alikuwa na mahali pake Marangu, kwenye kihamba, shamba la ukoo, katikati ya migomba aliyoipanda kwa mikono yake. Miaka sita sasa ndugu hawa hawajasemeshana. Nakala iliposikia jina la mama ilikataa mara zote elfu kumi.

Ndipo akakumbuka jani la sale. Kwa Wachaga, aliyekosa akimletea jani hilo aliyemkosea, haliachwi mkononi mwake. Mpokeaji anaweza kununa, anaweza kugeukia ukuta, lakini msamaha anautoa. Nakiete aliandika: *Mdogo wako amekuletea sale, na anaomba figo.* Akabonyeza.

Ndiyo elfu tisa mia tisa na themanini na nane.

Alijiona ameshika ufunguo wa nyumba ya mtu, na mwenye nyumba yuko nje anaota jua, hana habari.

*

"Sale ipo pale getini, karibu na tangi la maji," alisema Shekalaghe. Alikuwa amemsikiliza mpaka mwisho bila kumgombeza, na hiyo ilimtisha zaidi. "Chuma moja, mpe Anaeli, ampelekee kaka yake. Tatizo liko wapi?"

"Hatujui kama Anaeli anajuta, Daktari."

"Muulize."

"Nikimwendea na jani mkononi atasema anajuta hata kama hajuti. Anataka kuishi."

Shekalaghe alivuta kiti. Alikuwa Msambaa mpole, mwenye mikono mikubwa isiyofanana na kazi yake. "Nakiete, mama yangu alijua akinipikia maharage ya nazi nitakwenda kuchota maji hata mara tatu. Alinijua. Je, alininyang'anya hiari yangu? Mimi mwenyewe kila siku natafuta maneno ya kumfanya mgonjwa akubali kisu. Wewe umepata maneno mazuri zaidi, basi."

"Mama yako hakukupikia mara elfu kumi kwanza, wewe huna habari, aone chungu kipi kinakuangusha."

Daktari alikuna kidevu.

"Halafu kuna jingine," Nakiete aliendelea, maana lilikuwa limemkaa kooni tangu asubuhi. "Tunasema Kitangulizi hakijawahi kukosea. Waliosomwa ndiyo walikuja wote, hilo kweli. Lakini wale themanini na watatu waliosomwa hapana, nani aliwahi kuwauliza? Tuliwapa soda. Hatujui kama kilikosea, kwa sababu hatujampa mtu hata mmoja nafasi ya kukikosesha."

Nje, mtu alikuwa anaburuta ndoo.

"Ukimwambia Ndekirwa ukweli," Shekalaghe alisema taratibu, "unaweza kumpoteza Anaeli. Jani linamwokoa. Namba hizo umeziona mwenyewe."

"Nimeziona."

"Saa nane, basi. Uamuzi nakuachia wewe." Akatabasamu bila furaha. "Kama kuna uamuzi."

*

Alilichuma jani. Nisimfiche, alilichuma, akalikunja ndani ya mfuko wa koti, na njia nzima mpaka nyuma ya jiko alikuwa hajui atalifanyia nini. Ndekirwa alikuwa ameketi kwenye benchi la saruji, alama za kofia bado zimechora paji lake la uso, anamenya chungwa kwa kisu kidogo.

"Mpare," alisema bila kuinua macho, "umekuja kuomba chungwa. Sikupi."

Nakiete aliketi. Akatoa jani, akaliweka juu ya benchi katikati yao. Mzee aliliona, na kisu kikasimama.

Alimweleza yote. Alimweleza habari ya nakala, na elfu kumi, na utani wao ulivyoharibu kipimo, na jinsi alivyorudia kuuliza kinyume cha sheria mpaka akapata jani. Hakujitetea. Hata habari ya soda hakuiruka.

Ndekirwa aliligeuza chungwa mkononi.

"Kwa hiyo mashine inasema nilikuja kukataa," alisema.

"Ndiyo, mzee."

"Inasema kweli." Alisema bila haya. "Nimetoka Marangu, nimevaa hilo likofia lenu siku tisa, nipate kusimama mbele ya Anaeli nimwambie hapana kwa mdomo wangu mwenyewe. Nilitaka nimwone usoni. Na ninyi mngenipa soda, mkanirudisha na huruma zenu. Hata kukataa kwangu mlitaka kuniibia."

Aibu ilimpanda Nakiete mpaka masikioni.

"Na huyo mwenzangu wa mle ndani, anajua kwamba ameshakataa?"

"Hajui. Kila tukimwuliza anaamka upya."

"Basi hajawahi kulala na jibu lake hata siku moja. Mimi hili langu nimelala nalo miezi miwili, na linaniuma ubavu." Alikata chungwa vipande viwili. "Hao watatu nao?"

"Watatu gani?"

"Umesema daktari alipouliza, watatu walikubali. Hakuna jani, hakuna kilio. Walikubali tu. Walifikiria nini?"

"Sijui. Mashine inawahesabu kama vumbi. Inawapangusa."

"Nao ni mimi?"

"Ni wewe, kama hao wengine."

Mzee alitikisa kichwa, na kwa mara ya kwanza uso wake ulikuwa wa mtu anayetaka kujua kitu. Alilitazama lile jani, asiliguse. "Hili halikutoka kwa Anaeli. Limechumwa na Mpare. Likiniangusha hili, nitakuwa nimeangushwa na wewe."

"Ndiyo maana nimekuletea mkononi. Hujaulizwa na mtu tangu uje, mtani. Mimi nakuuliza. Utamtolea mdogo wako figo?"

"Hapana," alisema Ndekirwa, akampa nusu ya chungwa. Nakiete alilipokea, moyo umemshuka. Mzee alifuta kisu kwenye suruali, akakikunja. "Iko wapi hiyo karatasi ya kusaini?"

*

Kusaini ni jambo jepesi. Zito lilikuwa kwa Anaeli, kwa sababu yeye ndiye angeanza kunywa dawa zile kwa ahadi ya mtu ambaye Kitangulizi kilisema atageuka. Shekalaghe alikataa kumwandaa bila kumwambia. Walisimama wote wawili kando ya kitanda, na Nakiete akamsomea namba kama zilivyokuwa, na akamwambia pia kwamba kaka yake ameomba kwenda Marangu kesho kuaga nyumbani kwanza, arudi Jumamosi saa moja asubuhi.

Anaeli alikuwa amebaki mifupa na macho. Alisikiliza, akaomba maji ya kulowesha midomo.

"Amesema atakuja?"

"Amesaini. Lakini waliosaini na kugeuka ni wengi," alisema Shekalaghe. "Asipokuja, kinga yako haitarudi kwa wakati. Ni siku, si wiki. Unaelewa?"

"Hata kwa mama alikuja," alisema Anaeli. "Mimi ndiye sikumngoja. Niliogopa atamchukua mama, nami nibaki Dodoma sina hata kaburi la kwenda kukaa. Nikazika haraka." Machozi yalimtoka, hakuyafuta. "Safari hii nitamngoja. Nipeni hizo dawa."

Nakiete alitoka wodini akaenda kusimama nyuma ya tangi la maji mpaka akatulia. Maneno yale hakuwahi kuyajaribu kwenye mashine. Vidole vilimwasha kuyajaribu, jioni ile na kesho yake, na alijizuia kwa shida sana, kwa kuwa kwa tabia hakuwa mtu wa kuacha sanduku limefungwa.

*

Jumamosi saa moja, Ndekirwa hakuwepo.

Saa moja na nusu, Anaeli alikuwa ameshaingizwa, amelazwa chini ya taa, na wauguzi wanazungumza kwa kunong'ona. Shekalaghe alisimama kwenye korido na glavu mikononi, akiitazama saa ya ukutani. Hakumlaumu mtu. Alisema tu, "Akigeuka, Nakiete, mimi na wewe tukalime tangawizi." Nakiete aliitikia kwa kichwa. Alikuwa anawaza wale elfu tisa mia tisa na tisini na saba, wote wana uso wa Ndekirwa, wameketi kwenye mabasi yanayokwenda upande mwingine. Alijiambia kwamba jani lingemwokoa Anaeli. Lilikuwa mezani kwake tangu alipoliokota pale kwenye benchi, limenyauka, na alilichukia.

Saa mbili kasoro dakika kumi, mlango wa nje ulifunguliwa, na harufu ya tangawizi ikaingia kabla ya mtu.

"Basi limekufa Mwanga," alisema Ndekirwa. Koti lake la kanisani lilikuwa jeupe kwa vumbi mgongoni. "Nimekuja juu ya magunia ya tangawizi, kwenye lori la Mpare mmoja bahili asiyetaka hata kuzungumza, eti atachosha mdomo."

Hakuna aliyecheka. Muuguzi alimvua koti, akampa gauni la kijani, na akatembea naye hadi kwenye mlango wa chumba cha upasuaji. Hapo akasimama.

Walisimama wote. Nakiete aliuona mgongo wake ukipanda na kushuka. Ule ndio mlango wenyewe, mahali pale wengine walipogeukia, na mzee alikuwa anautazama tu, wala hakuonekana kuogopa. Alikuwa anasikiliza kitu ndani yake mwenyewe, kwa makini, kama mtu anayetaka kusikia jibu kabla hajalitoa. Shekalaghe alitaka kusema neno, Nakiete akamshika mkono.

Dakika ilipita, labda mbili.

"Mpare," Ndekirwa aliita bila kugeuka.

"Naam, mtani."

"Wale watatu, umewafuta?"

"Sijawafuta."

Mzee aliusukuma mlango kwa bega.

"Andika wanne," alisema, akaingia kwa mdogo wake.